Natafuta Jeep, Sitafuti Ushauri

Hapa Ndosho, mjini Goma, kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye akili hayatamki hadharani: kwamba amepata pesa, na kwamba anatafuta gari. La kwanza huleta wenye shida, la pili huleta wenye elimu. Mwenye shida ukimpa kidogo huenda zake. Mwenye elimu haendi. Watoto wangu wamelipeleka la pili hadi kwa kinyozi, na sasa siwezi kunyolewa ndevu bila kufundishwa habari za pompu ya injeksheni na mtu aliyeshika wembe kooni mwangu. Katika hali hiyo mtu hukubali kila hoja.

Haja yenyewe ni ndogo. Mama wa watoto amechoshwa na Jumapili za kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama Fuso zikielekea Sake. Anataka na sisi tutoke. Watoto waione Lac Vert, siku njia ikiruhusu wapande hadi Mushaki, wale jibini ya Masisi kule kule inakotengenezwa, wajue kwamba dunia haiishii Mugunga. Tukakubaliana: jeep ya zamani, 4x4 ya kweli, tuinunue kwa bei ya wanyonge na kuitengeneza kidogo kidogo mpaka iziweze njia za milimani. Hayo yalichukua kikombe kimoja cha chai. Yaliyofuata hayajaisha hadi leo.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji, mdogo wake mama wa watoto. Shemeji hana gari, hajawahi kuwa na gari, na kwa sababu hiyo hakuna gari asilolijua. Usiku anamaliza mega za simu yangu akitazama video za Waaustralia wanaovuka mito, maji yakipiga kwenye kioo, wao wanacheka tu, kisha wanafungua friji iliyo nyuma ya gari na kunywa kitu baridi. Yeye anataka Land Rover.

"Shemeji, hiyo ndiyo ilikuja huku kwetu mwaka wa 1983, kwenye Camel Trophy. Ilifanyika hapa hapa, Zaire!"

Ni kweli, ilifanyika Zaire. Nikamjibu kwamba wale walikuwa na kampuni ya sigara nyuma yao, na mimi nyuma yangu niko naye yeye. Akanuna mpaka chakula kilipoiva.

Wa pili ni muzee jirani, aliyestaafu baada ya kuwaendesha watu wa mashirika tangu enzi ambazo mimi nilikuwa navaa kaptula. Huyu hashauri, anatoa hukumu. "Mtoto wangu, jeep ni Land Cruiser. Zingine zote ni vyuma." Kisha anakaa, anaomba maji, na kuanza tangu mwanzo: kwamba Toyota walitengeneza ya kwanza mwaka wa 1951, hata jina la Land Cruiser halijapatikana bado, likaja 1954, kwamba mwaka huo huo wa 1951 dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, aliipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, mahali ambapo hakuna gari lililokuwa limefika. "Fuji ni volkano, unasikia? Volkano!"

Ninasikia, Muzee. Ila Wajapani walihitaji jeep ili waifikie volkano yao. Sisi ya kwetu inatufuata nyumbani, na imeshafanya hivyo mwaka wa 1977, 2002 na 2021, bila kumuomba mtu lifti.

Halafu akaja papa mmoja wa kwaya. Yeye anaona niende kwenye Prado, ile ya kuanzia 1996 hadi 2002, kwa sababu "inaheshimisha familia." Inaheshimisha, sikatai. Lakini waulize mafundi juu ya ile moteri yake ya 1KZ ya lita tatu: ikichemka sawasawa mara moja, kilasi, yaani kichwa cha moteri, inapasuka, na kupasuka kwa kilasi ni jambo linalomaliza heshima yote ya familia pamoja na ada ya shule. Motari wa kwenye kona akapendekeza RAV4, kwani "4x4 imeandikwa nyuma, papa, mwenyewe soma." Nikasoma. Imeandikwa. Kisicho humo ndani ni gia za chini, ule mkono wa pili mfupi ulio kando ya gia, unaolifanya gari litambae juu ya mawe polepole huku moteri ikizunguka kwa nguvu. Bila mkono huo unapanda mawe kwa mbio na kwa maombi, na klachi inanuka hadi kwa majirani. Kuna na mwenye Patrol. Kila mtaa una mwenye Patrol mmoja, naye ni mtu wa huzuni na kiburi. Moteri yake ya TD42, lita 4.2, haina ubaya wowote, nampa haki yake. Ile ya lita tatu iliyofuata, ZD30, za mwanzo zilijulikana kwa kuyeyusha pistoni. Ila muulize anapata wapi spea. Atakutajia nchi tatu.

Hawa wote wanabishana juu ya njia za milimani. Mimi ninawaomba tu waitazame njia ya kwenda dukani.

Ukitoka kwenye lami ya barabara ya Sake na kuingia ndani, avenue yetu ni lava tupu, ile ya zamani iliyoganda kabla babu zetu hawajazaliwa, na ambayo hakuna aliyekuja kuisawazisha tangu ilipopoa. Kuna mahali jiwe linapanda hadi kiunoni, kuna mahali linafunguka ufa wa kumeza gurudumu, na katikati kuna mgongo mkali unaosubiri karteri ya mafuta ya moteri. Kwenye zile video za shemeji, watu wanachukua likizo, wanapanda ndege na kulipa pesa ili wapate mahali pa namna hiyo pa kujaribia magari yao. Sisi tunapapitia tukibeba trei ya mayai. Nimeona Prado ya mgeni ikisimama mwanzoni mwa avenue, mwenyewe akashuka, akainama, akashika kiuno, akawaza. Alipokuwa bado anawaza, chukudu ilimpita kando ikiwa na magunia ya makala juu, kijana akiwa amepiga goti moja, mguu mwingine ukikwaruza chini badala ya breki. Chukudu ni mbao, haina gia za chini, haina gia zozote, na haikuandikwa kitu nyuma.

Kwa hiyo familia yangu haina haja ya kwenda kutafuta njia mbaya. Njia mbaya inaanzia kwenye geti. Tunachotafuta ni gari litakalotutoa hapo, litufikishe kwenye lami, na baada ya hapo yote ni faida.

Basi nikaanza kuzunguka kuangalia zinazouzwa. Jeep za zamani za Goma zina ukoo wake, na nyingi zimezaliwa nyeupe. Ni zile Land Cruiser za mashirika, za milango miwili mbele na mlango nyuma, HZJ75 na HZJ78, ambazo mashirika ya misaada dunia nzima yamekuwa yakizinunua kupitia Gibraltar. Shirika likimaliza mradi huziuza, na anayezinunua huzipaka rangi. Anavyozipaka ndivyo unavyomjua. Niliyoonyeshwa juzi ilikuwa imetiwa kijani kwa burashi, na ukisimama pembeni jua likiwa chini unaona mlangoni duara la nembo iliyobanduliwa, herufi zake zikisomeka bado chini ya rangi. Kwenye bawa la mbele palikuwa na tundu la antena ya redio, limezibwa kwa mastiki na kidole; alama ya kidole iko pale pale. Na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa kumebaki kile kibandiko cha bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Watoto wangu wamesema hicho kisitolewe hata kwa dawa. Nami naona ni kitu pekee kwenye gari lile kilichokuwa bado kinafanya kazi yake.

Muuzaji alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi, asiyegusa chuma.

"Patron, hii moteri haijafunguliwa hata siku moja!"

Saa ya kilomita ilikuwa imepita 300,000. Fundi wangu, ambaye husema maneno machache kwa siku na kuyauza yote kwa bei nzuri, akamuuliza: "Hata siku moja?" Kijana akaapa kwa mama yake. Fundi akanigeukia: "Basi mkanda wa taimingi ni ule wa kiwandani." Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, nao ukikatika, valvu na pistoni zinakutana ana kwa ana. Kijana akanyamaza, kisha akakumbuka kwamba labda iliwahi kufunguliwa kidogo.

Nikainua zulia la mbele. Chini yake niliiona Ndosho. Namaanisha niliyaona mawe ya avenue kupitia sakafu, na kuku akipita. Kijana akasema hiyo inasaidia hewa.

Sasa njoo kwenye malipo. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, gari unalilipa kwa dola, mkono kwa mkono, noti moja moja. Nilikuwa na noti za kuweka kama arubuni ili asimuuzie mwingine mpaka fundi amalize ukaguzi. Kijana akazichukua, akazinyoosha, akaziinua kwenye mwanga, akazipapasa pembeni moja baada ya nyingine. Ikafika moja yenye mpasuko wa ukubwa wa ukucha wa mtoto mchanga. Akairudisha. "Patron, hii haipiti." Hebu tupime wote: noti yenye mpasuko usioonekana haipiti, na gari ambalo kuku anaonekana kupitia sakafu linapita! Nikamwambia hata hiyo noti inasaidia hewa. Hakucheka. Wauzaji wa magari hawana ucheshi.

Kuna na suala la usukani. Sisi Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayofika huku yametoka Japani yakapitia Mombasa au Dar es Salaam na usukani wao uko kulia pia. Maana yake ni kwamba dereva amekaa upande wa mtaro na hawezi kuona kinachokuja mbele anapotaka kupita Fuso. Anayeona ni aliyekaa kushoto, yaani mama wa watoto. "Pita! Hapana, rudi! Nimesema rudi! Haya pita sasa, mbona unalala?" Usukani anao baba, macho anayo mama, na ajali ni ya wote. Jeep ya shirika angalau ina usukani kushoto, nayo inaweza kuiokoa ndoa.

Fundi wangu anastahili safu yake peke yake. Akifika kwenye gari hasemi neno, wala hafungui boneti kwanza. Anaweka kiganja juu yake. Boneti ikiwa na joto, anaondoka, kwa sababu mtu aliyeiwasha moteri kabla ya mnunuzi kufika anaficha asubuhi yake mbaya. Ikiwa baridi, anafungua radieta na kuchovya kidole kutafuta mafuta ndani ya maji. Kisha anaiwasha, anafungua kifuniko cha oili moteri ikizunguka, anakiweka juu ya tundu bila kukifunga, na kutazama kama kinarushwa na pumzi ya pistoni zilizochoka. Halafu anachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, anazungusha kwa vidole ile hab ya katikati, ile inayofungwa ili magurudumu ya mbele nayo yasukume, ameinamisha kichwa, jicho moja limefumbwa, anasikiliza mlio wake ikiingia mahali. Kwenye jeep ya kijani hab ya kushoto ilizunguka bila mlio wowote. Akajipangusa mikono. "Hii ni 4x3," akasema, tukaondoka.

Shemeji anasema hayo ni mambo madogo. Yeye ameshaanza "kuijenga" jeep ambayo bado sijainunua. Amechora mpaka picha.

Kwanza anataka ile pua ndefu inayopanda kando ya kioo, ili moteri ivute hewa juu tukivuka mito. Nikamuuliza: mito ipi? Goma haina mto. Mvua ikinyesha hapa, maji yote yanazama ndani ya lava kabla hujakunja suruali, ndiyo maana tunahangaika na bidoni za njano wakati ziwa liko hapo chini. Fundi akaniangusha kwa kusema pua hiyo ni nzuri, ila si kwa maji: juu kuna vumbi kidogo kuliko chini, na filta ya hewa itadumu. Shemeji sasa anatembea kifua mbele.

Pili, anataka tuinue gari inchi nne. Mama mkwe ana magoti. Gari likipanda inchi nne, itabidi tusafiri na kigoda cha jikoni cha kumpandishia, na kila kituo nitakuwa ninashuka mimi kukiweka na kukitoa. Fundi anasema inchi mbili zinatosha, na kabla ya kuinua chochote tubadilishe spring zilizolala, kwani gari nyingi za mashirika zimebeba mifuko ya mahindi na maharage maisha yake yote, na nyuma zimekwisha kukaa chini.

Tatu, winchi. Winchi inahitaji mti wa kufunga kamba. Kwenye uwanja wa lava hakuna mti. Na panapokuwa na matope ya kutosha kukwamisha jeep, pana vijana kumi wenye majembe waliokwisha kuketi pale tangu alfajiri, na wengine husema kwamba tope lenyewe wanalitunza vizuri. Hao hawahitaji betri.

Nne, tairi. Hapo ndipo Waaustralia wanapotupoteza kabisa. Wao wakifika kwenye mchanga wanapunguza upepo ili tairi itanuke. Ukipunguza upepo juu ya lava, unautoa ubavu wa tairi nje na kuliachia jiwe liukate, na ubavu ukishakatwa hakuna kiraka. Huku unataka tairi ngumu, nyembamba, 7.50-16 zenye tyubu, zile ambazo kijana wa pembeni ya barabara anaweza kuzifungua kwa vyuma viwili na nyundo, akaziba, akajaza, huku ukinywa soda. Haipendezi kwenye picha. Inafika.

Tano, hema juu ya paa. Hilo nilitaka kulikataa kwa sababu ya bei, lakini kwa mara ya kwanza nikakuta shemeji ana hoja bila kujua. Sisi watu wa huku tunaijua mazuku, ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kukaa kwenye mabonde na mashimo, upande wa ziwa na huko Lac Vert na Bulengo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na asubuhi unakuta mbuzi amelala chini asiamke tena. Imeua watu pia. Anayepiga hema hapa hatafuti bonde tulivu lisilo na upepo, anatafuta mgongo wa mlima. Mwenye kulala juu ya paa ameongeza mita mbili, ila mita mbili si dawa. Dawa ni kutolala bondeni kabisa. Nimemwambia tutarudi kulala nyumbani, tule maharage yetu, amani.

Na tutakwenda wapi hasa? Hilo nalo lina wenyewe. Sake ni kilomita 25 hivi, Bukavu kwa kupitia Minova ni kama 200, Rutshuru kama 70. Kwenye ramani zote ni njia. Lakini ramani haijui leo ni siku gani. Njia ipi imefunguka na ipi imefungwa, unamuuliza dereva wa Fuso asubuhi, na jibu lake linaharibika kufikia mchana. Ndiyo maana mama wa watoto, mwenye akili kuliko kikao chote hiki, aliuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyeliuliza: "Itabeba magodoro mangapi juu?"

Wote wakanyamaza, kwa sababu wote walikumbuka Mei 2021. Volkano ilitoka Jumamosi tarehe 22 jioni, na Alhamisi iliyofuata ikatolewa amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Hiyo ndiyo safari ya familia ambayo Goma nzima ilifanya kwa pamoja. Barabara ya Sake ilijaa hapa mbele yetu kutoka mtaro hadi mtaro, magari, motari, chukudu, mbuzi, watu wenye sufuria kichwani. Siku ile hakuna aliyeuliza pua ya hewa wala winchi. Magari ya fahari yalichemka kwa kusogea hatua moja moja, wenyewe wakaenda kwa miguu. Jeep nzee nyeupe zilipita polepole zikiwa na magodoro juu na bibi wawili kwenye kila kiti. Muzee jirani alikuwa kwenye usukani wa moja, na hiyo ndiyo sababu, ingawa ananichosha, ninampa maji.

Keria ya juu imepitishwa basi, kwa kauli moja. Rasmi ni ya kubebea hema. Siku za kawaida itabeba bidoni. Maana hapa kwetu gari si la mwenye funguo. Kwaya imeshaniwekea tarehe za harusi mbili. Mama mmoja mjamzito wa avenue ya pili amenisalimia kwa heshima ambayo haikuwepo zamani, akauliza kama nitakuwa nalala nyumbani mwezi ujao. Kuna na matanga ambayo marehemu wake bado wanatembea. Na wote hao watakuja saa ambayo tangi limekauka. Tangi nalo si mchezo: HZJ78 ina matangi mawili ya lita 90 kila moja. Kuyajaza kwa Kadhafi, yule muuza mafuta wa pembeni ya barabara, kwa bidoni na faneli, mtu anaweza kufunga ndoa na kubatiza akiwa bado anamiminiwa mazutu.

Haya, nimesikiliza kila mtu, sasa nisikilizwe na mimi. Moteri ni 1HZ: silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa 1990, haina turbo, haina kompyuta. Ni mvivu. Hapa tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo ukipanda kutoka Sake utapitwa na watu wenye haraka. Wapite. Utawakuta mbele wamefungua boneti. Hakuna fundi wa Goma asiyeijua moteri hiyo hata gizani, na hakuna spea yake isiyopatikana madukani Birere, mpya, ya zamani, au ya zamani iliyooshwa. HZJ75 na HZJ78 ni ngumu kuliko zote, lakini nyuma zina mabenchi mawili yanayotazamana, na nina watoto wanaotapika. Sitaki watapikiane uso kwa uso. Ya familia ni Land Cruiser 80, ile iliyotoka kuanzia 1990 hadi 1997, na iwe ile yenye 1HZ: viti vinatazama mbele, spring ni za mzunguko badala ya zile za bapa, akseli ni nzima mbele na nyuma, mgongo wa mama mkwe utapona.

Nawe unayetafuta, usimalize pesa zote siku ya kununua. Bakiza za radieta, mipira ya maji, mkanda wa taimingi, breki, spring na tairi, kwa mpangilio huo huo. Baada ya hapo, ukibaki na kitu, ndipo umsikilize shemeji. Na kabla ya kuchagua gari, chagua fundi, umuulize yeye analala vizuri akiwa ametengeneza gari gani.

Mwenye kuuza Land Cruiser 80 ya 1HZ, yenye sakafu nzima, hab mbili zenye mlio na mkanda ambao umewahi kubadilishwa, anakaribishwa Ndosho siku yoyote. Noti zangu nimezikagua mwenyewe, hazina mpasuko. Aje na karatasi za gari. Asije na shemeji yake, wangu anatosha.